Huruma na Haki

Watu huuliza: Je, mtu akitendewa huruma, haki yake imekwisha kulipwa? Twadhani sivyo, na kisiwa chetu cha Pemba ni shahidi.

Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Unguja mwaka 1863, wakawakomboa watumwa kwa fedha; na tangu 1868 wengi waliwekwa Bagamoyo. Huruma hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini kila fedha ya ukombozi iliingia mkononi mwa mwuzaji, na soko likaendelea hata lilipofungwa mwaka 1873.

Tena, tarehe 6 Aprili 1897, Sultani Hamud bin Muhammad alitoa amri kwamba mtumwa wa Unguja na Pemba aombaye uhuru mahakamani apewe. Bwana aliyethibitisha hasara yake alilipwa fidia. Mtumwa aliyechuma karafuu miaka mingi hakulipwa kitu, naye alitakiwa aonyeshe makao na riziki yake. Basi utumwa uliondoka, deni likabaki.

Papa Leo XIII alikuwa amekwisha kufundisha mwaka 1891 ya kuwa kumdhulumu mtu ujira wake ni dhambi kubwa. Hakusema ujira wa Mkristo tu. Sisi Wakatoliki wa Pemba tu wachache kati ya Waislamu. Mchumaji apandaye mkarafuu wetu ni jirani yetu, asali msikitini au kanisani. Tukimpunja ujira, kisha tukampa sadaka, tumemrudishia sehemu ya mali yake mwenyewe, na juu yake twataka shukrani.

Kwanza tulipe; ndipo tuhurumie.