Kuiba Dukani: Adhabu ya Serikali na Deni la Akhera



Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Yako maovu ambayo watu huyaona madogo kwa kuwa wameyazoea. Mojawapo ni kuchukua kitu dukani bila ya kukilipia. Huyu atia sabuni mfukoni. Yule afunika chupa ya manukato kwa nguo yake. Mwingine abandua karatasi ya bei ya kitu rahisi akaibandika juu ya kitu ghali. Wakikanywa husema, "Duka ni kubwa, halitaona hasara." Na wako wasemao neno baya kuliko hilo: "Mwenyewe si Muislamu." Yatupasa basi tueleze mtu huyu anajitia katika jambo gani mbele ya serikali, mbele ya watu, na mbele ya Mola wake.

Tuanze na sheria ya nchi. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, yahesabu kuwa mwizi mtu achukuaye kwa hila, pasi na haki, kitu cha mwenziwe; na kuchukua ni kukiondoa kitu mahali pake. Kifungu cha 275 chaweka adhabu ya wizi kuwa kifungo kisichozidi miaka 3, wala hakikusema kuwa kitu kidogo si wizi. Mwajiriwa akimwibia tajiri wake, Kifungu cha 281 chaifikisha adhabu miaka 7. Na ajabu kwa wasiojua ni hili: mwenye kupokea mali ya wizi, hali ajua au ana sababu ya kujua kuwa imeibwa, aweza kufungwa hadi miaka 14 kwa Kifungu cha 322. Wazazi na wazingatie! Mtoto asiye na kazi akileta nyumbani kitu kipya, haifai kumshukuru kabla ya kumuuliza amekitoa wapi.

Ni kweli kuwa hakimu aweza kumwonea mtu huruma, akamtoza faini, au akamweka chini ya uangalizi wa afisa wa probesheni, au akamwamuru kufanya kazi ya umma bila malipo kwa sheria ya mwaka 1998. Lakini asidhani mtu kuwa mambo yamekwisha siku ile. Alama za vidole vyake zimekwisha kuchukuliwa. Kesho ataka kazi ya ulinzi, au ya benki, au ataka kusafiri kwenda kufanya kazi Ghuba. Ataambiwa alete cheti cha tabia njema kutoka polisi. Hapo ndipo sabuni ya jana itakapotoka katika daftari na kusimama mlangoni kumzuia. Na mtaani, ambako hapana daftari, watu hukumbuka zaidi.

Ama sheria ya Mwenyezi Mungu, adhabu ya mwizi imetajwa katika Sura al-Maida, aya ya 38, nayo ni kukatwa mkono. Adhabu hiyo ina masharti mengi kwa wanavyuoni. Mali iwe imefikia kima, nacho katika madhehebu yetu ya Shafii ni robo dinari, yaani kama gramu moja ya dhahabu. Iwe imetolewa mahali pa hifadhi. Pasiwe na shaka. Na mwenye kuitekeleza ni mtawala kwa hukumu ya kadhi, si kila mtu. Katika Kenya, Kifungu cha 170 cha Katiba ya mwaka 2010 chawapa Makadhi mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, basi. Kwa hivyo wale wakusanyikao na kumpiga mwizi hata wakamuua hawakuisimamisha sheria ya Mungu wala ya nchi; wao wenyewe ni wahalifu. Mwizi akikamatwa apelekwe polisi.

Lakini asifurahi mtu akasema, "Nilichokichukua hakikufika robo dinari." Kima hicho ni cha kukatwa mkono, si cha uharamu. Uharamu hauna kima. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, alikuwako mtumishi wa Mtume (S.A.W.) aliyeuawa kwa mshale baada ya vita vya Khaybar. Watu wakampongeza kwa pepo. Mtume akawaambia kuwa shuka aliyoichukua katika ngawira kabla haijagawanywa yamwakia moto. Aliposikia hayo mtu mmoja akaleta ukanda wa kiatu aliokuwa ameuchukua. Naye akaambiwa kuwa ule ni ukanda wa moto. Jee, ukanda wa kiatu na chupa ya manukato, kipi chenye thamani zaidi?

Na yule adhaniye kuwa mali ya asiyekuwa Muislamu ni halali kwake, na asome Sura al-Nisa kuanzia aya ya 105. Wafasiri wameeleza kuwa mtu katika watu wa Madina aliyejidai Uislamu aliiba deraya, kisha akasingiziwa Myahudi. Jamaa zake wakamtetea mwizi. Ikateremka Qur'ani kumtakasa Myahudi na kukataza kuwatetea makhaini. Mwenyezi Mungu hakuitazama dini ya mwenye kusingiziwa, aliitazama haki.

Sasa tufike kwenye jambo kubwa kuliko yote. Adhabu ya serikali ina mwisho. Mlango wa gereza hufunguliwa. Lakini haki ya mwenye duka haifutwi kwa kifungo wala kwa faini iliyokwenda hazina ya serikali. Na yule ambaye hakukamatwa asijione ameokoka. Yeye bado anadaiwa yote. Mtume (S.A.W.) ametueleza kuwa mufilisi wa umma wake ni mtu ajaye Siku ya Kiyama na sala, funga na zaka, hali amekula mali ya huyu na kumdhulumu yule. Atalipa kwa thawabu zake, na zikimwishia atatwikwa dhambi zao.

Mlango wa toba u wazi. Aya ya 39 ya al-Maida yautaja mara baada ya adhabu. Toba ya wizi ina nguzo nne: kuacha, kujuta, kuazimia kutorudia, na kurudisha. Ya nne ndiyo wengi waikimbiayo kwa kuona haya. Wala si lazima ujifedheheshe: yatosha kumfikishia mwenyewe haki yake hata kwa mkono wa mtu mwaminifu asiyekutaja jina. Akiwa amekufa, wape warithi wake. Ukitafuta hata ukakata tamaa ya kumpata, itoe sadaka kwa niaba yake. Huna kitu leo? Andika deni lako, uazimie kulilipa.

Mwenye deni na alipe leo, kabla ya siku ambayo fedha hazitapokewa. Mwenyezi Mungu atukinaishe kwa halali yake na atuepushe na haramu. Amin.