Mkalimani Akinyamazishwa

Hivi kudanganya ni kosa siku zote? Ipo programu ya kompyuta ambayo kazi yake ni kudanganya kutwa kucha, nami nasema haina hatia.

Kila aina ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ina lugha yake ya amri. Amri hizo ni namba tu. Namba ambayo kwa prosesa moja ni "jumlisha", kwa nyingine ni upuuzi mtupu. Mwaka 1994 kampuni ya Apple ya Marekani ilianza kuziacha prosesa za Motorola 68000 na kuhamia PowerPC. Programu za zamani ziliokolewa na mkalimani: programu inayosoma amri ya zamani na kuitekeleza kwa lugha mpya. Ile ya zamani haina habari. Inadhani bado iko kwao, kumbe imeshahamishwa mji!

Mwaka 2006 Apple ilihama tena, kwenda Intel. Safari hii mkalimani aliitwa Rosetta, jina la jiwe lililopatikana Misri mwaka 1799, lenye tangazo moja kwa maandishi ya aina tatu.

Eti huo ni uongo? Uongo ni kumnyima mtu haki yake. Hapa kanyimwa nani? Mwenye kompyuta anafungua kazi zake, anazisoma. Kilichopungua ni kasi, maana kutafsiri kunakula muda.

Hatia naiona kwingine. Mwaka 2011 mfumo wa Mac uitwao Lion ulitoka bila Rosetta. Programu za PowerPC hazikufunguka tena humo. Sasa mwandishi ambaye riwaya yake inasomwa na programu ya namna hiyo tu, amebaki na nini? Faili ipo, maneno hayapo.

Najua utasema kampuni haiwezi kumtunza mkalimani milele. Kweli kabisa. Lakini maneno ya mtu ni amana, na amana hurudishwa mkononi mwa mwenyewe. Anayemwachisha kazi mkalimani, kwanza amwonyeshe mwenye mali njia ya kuyatoa maneno yake.

Mwaka 2020 alikuja mkalimani mwingine, Rosetta 2, Apple ilipoanza kuhamia prosesa zake yenyewe. Anatafsiri vizuri, sina ugomvi naye. Swali langu liko kwa bwana wake: siku ya kumnyamazisha, maneno yetu utayaacha wapi?