Tiki na Unyaufu

Korosho hupungua uzito ghalani. Kila karani wa mizani analijua hilo, awe Masasi chini au Newala juu kwenye uwanda wa Makonde. Upungufu huo unaitwa unyaufu, nao ni jibu jepesi kuliko yote anayopewa mkaguzi wa chama cha msingi. Daftari la mapokezi lina kilo hizi, stakabadhi ya ghala ina pungufu. "Huo unyaufu tu, bosi," katibu anasema.

Huenda ni kweli. Kuhakikisha kunataka kufika ghalani, kulinganisha stakabadhi moja moja na kuwauliza wakulima walipima kilo ngapi. Lakini kesho kuna chama kingine, na dereva ameshawasha gari. Mkaguzi anatia tiki.

Kwangu tiki ni ushahidi: mtu anasema "nimeona". Asiyeona akatia tiki ametoa ushahidi wa uongo, hata kama korosho zilinyauka kweli. Sheria iliyounda COASCO mwaka 1982, shirika la kukagua vyama vya ushirika, ilimpa mkaguzi mamlaka. Siku za kutosha ni shauri la bajeti.

Tafiti kadhaa za ukaguzi zimeona kwamba anayeamini maisha yake hupangwa na wakubwa au bahati huvumilia njia hizi za mkato kuliko anayejiona ana usukani wake. Sawa. Ila mimi namhofia zaidi yule mwenye kujituma. Amepewa siku tatu, hazikutosha, akamalizia Jumapili chumbani gesti, Newala. Kwenye fomu ya muda akaandika siku tatu. Anasifiwa, na pengine cheo kinakaribia. Mwakani mpangaji kazi anafungua jalada: chama hiki, siku tatu. Anayetumwa safari hii ana mtoto mgonjwa nyumbani, Jumapili ya kutoa hana. Anatia tiki.

Je, wa kwanza ana sehemu katika uongo wa wa pili? Atajitetea kwamba hakumwibia mtu, saa zilikuwa zake. Zake kweli. Lakini fomu ni ya ofisi, na ofisi hupangia wengine kazi kwa fomu hiyo. Naona uchungu kumhukumu aliyetoa Jumapili yake, na bado nasema anayo sehemu. Mkulima wa Kitangari aliyepunjwa kilo zikaitwa unyaufu amepunjwa kwa siku ambazo hazikuandikwa.