Asali ni Mali ya Nani?

Washairi wetu wa pwani hawakuwa wachoyo wa kuitaja asali. Wameipaka midomoni mwa wapendwa wao, wameifananisha na maneno ya hekima, na kauli ya mtu mwenye ulimi mwema wameiita asali. Nyuki mwenyewe hutajwa kwa nadra, na akitajwa aghalabu huwa ni kwa sababu ya mwiba wake. Tumezoea kuusifu utamu bila ya kumuuliza mwenyewe. Basi na tuulize: asali ni mali ya nani?

Nilipokuwa mtoto, ami yangu alinichukua usiku mmoja kwenda kurina asali katika mwembe uliokuwa na pango. Aliwasha mwenge wa makuti makavu, akausukuma ndani mpaka mvumo ukafifia, kisha akatia mkono. Alitoa masega yote: yaliyojaa asali, na yale yaliyojaa majana, yaani watoto wa nyuki wasiokwisha kuumbika. Tulikula tukashiba, tukawagawia na majirani. Siku chache baadaye nilipita pale mwembeni. Pango lilikuwa kimya, na sisimizi walikuwa wakiingia na kutoka kama warithi waliokuja kugawana. Hakuna aliyetukemea, lakini niliona haya, na kwa miaka mingi sikujua haya ile ilitoka wapi.

Jibu nililipata nilipojifunza maisha ya mzinga. Kundi la nyuki lina malkia mmoja, madume mamia kadhaa, na vibarua maelfu kwa maelfu. Tunamwita malkia, lakini hana amri anayoitoa. Kazi yake kubwa ni kutaga, na yai alilotokana nalo lingeweza kuwa kibarua kama lingelishwa chakula kingine. Kibarua, wakati wa kazi, huishi majuma kama 6. Siku zake za mwanzo humalizika ndani: kusafisha vyumba, kulisha majana, kujenga masega kwa nta itokayo mwilini mwake. Mauani huenda katika majuma yake ya mwisho. Karl von Frisch, mtaalamu wa Austria aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973 pamoja na wenzake wawili, alibainisha kwamba nyuki aliyegundua maua hurudi akacheza juu ya sega, na mwendo wa ngoma yake huwaonyesha wenzake upande na umbali. Hata habari ya maua haifichi. Na baada ya jitihada zote hizo, hukadiriwa kuwa asali aliyoichangia kibarua mmoja ni kama sehemu 1 katika 12 ya kijiko cha chai.

Sasa tutazame akiba hiyo ni ya nani. Aliyeikusanya mara nyingi hufa kabla ya msimu wa njaa haujafika. Watakaoila ni wale ambao leo ni mayai na majana. Asali, basi, ni urithi. Mrinaji anapofika mzingani, wengi wa walioitengeneza wamekwisha kufa, na waliobaki wanawawekea wadogo wao. Hapo ndipo nilipoielewa haya yangu ya utotoni. Tulikuwa tumekula mali ya yatima.

Atakuja mwenye kupinga aseme: nyuki ni mdudu, hajui milki, na asali imeumbwa iwe chakula na dawa kwa binadamu. Kwamba ina manufaa kwetu sikatai. Kurani ina sura nzima, ya 16, iliyopewa jina la nyuki. Lakini kutoijua milki hakumwondolei mtu haki yake. Mtoto mchanga aliyefiwa na baba naye hajui shamba lake liko wapi, na ni kwa sababu hiyo hasa ndipo dhambi ya kumla inapokuwa kubwa.

Hata hivyo mila yetu haikumfungia mlango msimamizi wa yatima. Akiwa fukara, ameruhusiwa kula kwa wema, kwa kadiri ya utumishi wake. Nadhani hapo ndipo penye jibu. Mfugaji anayeuweka mzinga kivulini, akawatengea nyuki maji, akaitia miguu ya kichanja katika makopo ya oili ili sisimizi wasipande, huyo ametumika. Akija na moshi badala ya moto, akachukua masega yaliyozibwa kwa nta, akayaacha ya majana na akawabakishia chakula chao, amekula kwa wema. Anayekomba yote hana hoja. Na nyuki wetu wa Afrika hawana subira naye: wakisumbuliwa mno au wakikosa chakula, kundi zima huhama, akabaki na gogo tupu.

Wahenga walisema: fuata nyuki ule asali. Walisema pia: mwonja asali haonji mara moja. Methali ya kwanza inatufungulia njia, ya pili inatuonya juu ya nafsi zetu, na kati yake pana jambo tuliloachiwa tulitambue wenyewe, nalo ni kiasi. Ami yangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mkarimu, na asali ile aliigawa. Lakini ukarimu kwa mali ya mwingine ni sadaka isiyo na mwenyewe. Mwaka uliofuata tuliuzunguka mwembe ule tena, tukiinua macho na kusikiliza. Hapakuwa na nyuki wa kumfuata.