Wema Unaojua Kusema Hapana

Katika mahubiri mengi niliyoyasikia hapa Mwanza, utu wema hufundishwa kama ulaini. Mkristo mwema hakunji uso, hamnyimi mtu, hasemi hapana. Sina ugomvi mkubwa na fundisho hilo, maana wakali tunao wa kutosha. Ila naona limekatwa nusu, na kwetu sisi wa kando ya ziwa nusu iliyobaki inaweza kuua.

Hebu tuanze na maneno yenyewe. Katika Wagalatia 5, Biblia ya Union inataja mambo tisa yanayomtambulisha mtu wa Roho. Utu wema umo, umekaa jirani na fadhili, na orodha inafungwa na neno "kiasi". Kuna jambo dogo la sarufi pale ambalo huwa tunalipita: Paulo hasemi matunda, anasema tunda. Ni moja. Mimi naisoma hivi: huwezi kuchuma utu wema ukaacha kiasi mtini, kama tunavyochagua nyanya sokoni. Ukikosa kimoja, hata hicho kingine ulichoshika kina walakini.

Na kiasi kwetu si neno la kanisani tu. Kila chombo cha majini kina kiasi chake. Kivuko cha MV Nyerere, kilichokuwa kikisafiri kati ya Bugolora, Ukerewe, na kisiwa cha Ukara, uwezo wake ulikuwa abiria 101. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio Bugolora, kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara kikiwa na watu zaidi ya mara mbili ya hao. Walikufa 228, wakaokolewa 41. Miaka 22 kabla, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama ikiwa inakaribia Mwanza, nayo ilikuwa imezidisha watu. Makaburi ya wengi wao yako Igoma hadi leo.

Sisemi kwamba huruma ndiyo iliyozamisha vyombo hivyo. Lakini kila anayesafiri ziwani anaijua ile sauti ya gatini: "Jamani songeeni kidogo, naye ni mwenzetu, ataachwaje?" Anayesema hivyo si mtu mbaya. Pengine ndiye mwenye roho nzuri kuliko wote pale. Sasa, je, huo ni utu wema?

Nadhani ni hisia nzuri tu. Utu wema unamtakia mtu afike salama, wakati hisia nzuri inataka uso wa huzuni uondoke mbele yangu. Mara nyingi tunaposhindwa kukataa, tunayemhurumia ni sisi wenyewe: hatutaki kuonekana wabaya. Wahenga walisema wema usizidi uwezo, na kwenye kivuko uwezo una namba.

Najua jibu la upande wa pili, na ni zito. Kuna mama ana mtoto mgongoni, jua linazama, kwao ni kisiwani. Umwambie hapana, halafu? Kanuni bila moyo nayo ni ukatili. Kuhani na Mlawi wa Luka 10 huenda nao walikuwa na kanuni zao nzuri tu.

Hapo ndipo yule Msamaria anapotusaidia. Tunakumbuka mafuta na divai, tunasahau nyumba ya wageni. Alitoa dinari mbili, akaahidi kwamba gharama ikizidi atailipa akirudi. Wema wake ulikuwa na bajeti na mpango wa kesho. Kwa hiyo anayemkatalia yule mama amejitwika deni: pa kulala, chakula cha mtoto, nafasi ya kwanza asubuhi. Hapana isiyobeba deni hilo ni ubabe. Na ikilibeba, inakuwa ghali kuliko ile ndiyo ya haraka haraka.

Tena deni hilo si la mkata tiketi peke yake. Ni la sisi tuliokwisha kuketi, la wenye nyumba karibu na gati, la makanisa ambayo kumbi zake zinalala tupu usiku. Siku ile ya 2018 wavuvi waliingia majini na mitumbwi yao wakaokoa watu, na tunawasifu kwa haki. Lakini wema wa kuokoa unasubiri ajali itokee kwanza. Ule wa kuzuia hauna shahidi: chombo kinafika, watu wanashuka, wanakwenda zao, na yule mama aliyebaki huenda akakulaani usiku kucha.

Ningependa mafundisho yetu ya Jumapili yafike hapo. Tufundishwe kutabasamu, sawa. Tufundishwe pia kusimama gatini jioni ya gulio, tuseme "kimejaa", halafu tumwambie mtu wa mwisho: twende nyumbani, kesho nitakuleta.