Nauli ya Mvua

Nairobi kuna sheria ambayo haijaandikwa popote: mvua ikianza kunyesha, nauli ya matatu inapanda. Abiria aliyelipa shilingi 50 asubuhi anaweza kuambiwa 100 jioni, na akilalamika anaonyeshwa mlango. Treni za abiria za kwenda Syokimau, Ruiru au Kikuyu hazina tabia hiyo. Nauli ya kiangazi ndiyo nauli ya masika.

Swali langu ni hili: je, ni haki kumtoza mtu zaidi kwa sababu tu saa hiyo anakuhitaji zaidi?

Watu wa matatu wana hoja, tena si ya kipuuzi. Mvua inaleta foleni, gari linalopiga raundi sita linapiga tatu, na mwenye gari anataka hesabu yake ile ile. Hasara lazima imwangukie mtu. Sawa, hapo nakubali. Ninachokataa ni ile sehemu inayozidi hasara, ile bei inayopangwa kwa kumtazama mama aliyembeba mtoto, viatu vimelowa, na kujua kwamba hana njia nyingine. Bei ya namna hiyo haipimi tena gharama ya safari. Inapima unyonge wa mtu.

Basi treni ndiyo yenye haki? Ngoja kwanza. Treni haimtazami mtu hata kidogo, na hilo nalo lina ubaya wake. Makanga yule yule aliyekuongezea nauli anaweza kugonga bati dereva asimame ili bibi mwenye mkongojo apande, au akambeba mwanafunzi kwa nusu nauli. Treni saa yake ikifika inaondoka, hata bibi awe amebakiza hatua mbili. Jicho linaloona shida yako ndilo linaloweza kukunyonya, na ndilo hilo hilo linaloweza kukuhurumia.

Halafu hiyo ratiba isiyopendelea mtu, imepangwa kwa saa ya nani? Treni nyingi huwaingiza watu mjini asubuhi na kuwatoa jioni, saa za ofisi. Mama anayefuata mboga Marikiti kabla ya alfajiri hayumo. Mlinzi wa usiku, anayeingia kazini wenzake wakirudi nyumbani, hayumo pia. Usawa wa treni unawapita hao, na mvua ikinyesha wao ndio wanaolipa nauli ya mvua.

Wakamba husimulia habari za Syokimau, mtabiri aliyeona nyoka mrefu akija kutoka baharini kabla reli haijajengwa. Nyoka huyo alifika Nairobi mwaka 1899, na stesheni yenye jina la mtabiri ikafunguliwa mwaka 2012. Reli ile haikujengwa ili kumhurumia mwenyeji; ilijengwa kwa faida ya dola ya Waingereza. Kama leo tunaiona na chembe ya haki, ni kwa sababu watu walikaa chini wakaamua kwamba nauli ijulikane kabla ya mawingu kukusanyika.

Na kilichoamuliwa na watu kinaweza kupanuliwa na watu. Nauli ya matatu inaweza kubandikwa mlangoni ikaheshimiwa, na treni moja inaweza kuondoka saa kumi alfajiri. Huruma ya makanga ni nzuri, tuipokee ikija. Ila asiwepo mtu anayelazimika kuitegemea ndipo afike kwake.