Mwezini au Kijijini?

Tunaye kijana mmoja hapa Musoma ambaye wengi humfahamu kwa kupenda kwake mitambo. Ukimkuta nje baada ya ibada atakueleza habari za magemu ya kwenye simu, habari za vyombo vinavyorushwa angani, na habari za minara ya simu, upi una nguvu na upi umelegea. Wazee wengine humsikiliza kwa furaha. Wengine hutikisa kichwa na kusema kwamba amejaza akili mambo yasiyo na faida.

Jumapili moja mwinjilisti wa kijiji kimoja upande wa Butiama alikuwapo. Akatueleza kwamba kijijini kwake mtu akitaka kupiga simu hana budi kupanda kilimani, penye majabali, ndipo apate mtandao. Usiku mmoja mama mjamzito alishikwa na uchungu. Mumewe akapanda kilima kwa tochi, mvua ikinyesha, ili aite gari. Gari lilifika karibu na mapambazuko. Mama na mtoto walipona, ashukuriwe Mungu. Mzee mmoja akamgeukia kijana wetu akamwuliza, "Haya, mwanangu, hao wanaokwenda mwezini wamemsaidia nini mama yule?" Kijana akanyamaza.

Swali hilo si geni katika nchi hii ya Mara. Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 na kuzikwa huko huko mwaka 1999, anakumbukwa kwa neno lake kwamba wakati wengine wanajaribu kufika mwezini, sisi bado twajaribu kufika kijijini. Wamarekani walifika mwezini Julai 1969. Kijiji cha mwinjilisti wetu kingali kinangoja mnara. Je, ni kosa basi kutazama mbinguni wakati jirani hajafikiwa?

Sisi twaona si kosa, kwa sababu mbili.

Kwanza, kuistaajabia kazi ya Mungu ni sehemu ya ibada. Mtunga Zaburi ya 8 aliutazama mwezi na nyota, ndipo akamwuliza Mungu mwanadamu ni kitu gani hata akumbukwe. Wala elimu hiyo si ya wageni peke yao. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka kwenye jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi, Kenya, ilirushwa setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, iliitwa Uhuru. Chombo chenye jina la Kiswahili kiligundua mamia ya vitu vya mbinguni ambavyo macho yetu hayawezi kuviona.

Pili, anga hukitumikia kijiji. Setilaiti za hali ya hewa za Ulaya ziitwazo Meteosat, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 1977, hukaa juu ya ikweta umbali wa kilomita 36,000 hivi na kuitazama Afrika yote. Dhoruba nyingi za Ziwa Victoria huja usiku na alfajiri, saa zile zile ambazo wavuvi wa dagaa wako majini na taa zao. Setilaiti huliona wingu likikua, na wataalamu nchi kavu huweza kutoa onyo.

Lakini hapa ndipo lawama inapotuangukia. Onyo hilo lisipomfikia mvuvi, kuonekana kwa wingu kumemfaa nini? Safari ya kilomita 36,000 imefanikiwa, na ile ya kutoka mjini hadi kambini imeshindikana. Basi mzee wetu alikuwa na haki ya kuuliza, ila kosa haliko mwezini. Liko katika kipande cha mwisho cha njia, kile kinachomfikia mtu mmoja mmoja.

Kipande hicho hukatika kwa sababu inayojulikana. Mnara huhitaji umeme, barabara na ulinzi, na watu wachache hawawezi kurudisha gharama. Mfanyabiashara akiwafikia watu 99 katika 100 atahesabu kwamba amefanya vema. Lakini mchungaji wa Luka 15 alikuwa na 99 salama, akaondoka kumtafuta mmoja. Hesabu ya Ufalme wa Mungu haifungwi mpaka yule wa mia amepatikana.

Serikali yetu ililiona jambo hili, ikatunga sheria mwaka 2006 ya kuanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao kampuni za simu huuchangia sehemu ya mapato yao ili minara ijengwe pasipo na faida. Kwa hiyo hata kijana anayenunua bando ili acheze gemu na mwenzake wa nchi ya mbali anachangia kidogo mnara wa kijijini bila kujua. Nasi hatusemi kucheza ni dhambi. Babu zetu walicheza bao hadi jua likazama. Lakini mchango unaotolewa bila kujua haujawa upendo. Sheria yaweza kuchukua fedha yetu. Haiwezi kumweka jirani moyoni mwetu. Tukimjua mchezaji wa ng'ambo kwa jina, na mama wa nyuma ya kilima hatumjui, tumekosea.

Tufanye nini basi? Wenye simu zinazoshika mtandao, wa Musoma na wa Bunda, wasikilize taarifa ya hali ya hewa na kuipeleka kwa ndugu wasio nao kabla mitumbwi haijatoka. Na ujuzi wa vijana utumike. Tunafurahi kusema kwamba yule kijana aliyenyamaza amekwisha kwenda na mwinjilisti hadi kijijini, akapima pale mtandao unapokatika, nyumba kwa nyumba, akamsaidia mwenyekiti wa kijiji kuandika barua ya kuomba mnara. Jibu halijaja. Anaendelea kutueleza habari za Mirihi, nasi twamsikiliza vizuri zaidi kuliko zamani.

Mungu aliyeziweka nyota mahali pake atufundishe kufika kijijini. Amina.